Namfundisha asirudishe ngumi, nani atamlinda?

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia nikiomba jina langu na la shule yangu yasitajwe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mbali na vipindi vyangu vya kawaida ndiye mlezi wa klabu ya amani, kazi ambayo niliiomba mwenyewe kwa kuwa naamini kwamba mtoto anayejifunza kusema lililomuudhi kabla ya kuinua mkono atakuja kuwa mtu mzima wa namna nyingine. Katika klabu tunafundishana mambo ambayo walimu wengi wanayajua: kutaja hisia zako bila kumtukana mwenzako, kumsikiliza mgomvi wako mpaka amalize, kuwapatanisha wanaozozana, na kwa yule anayechokozwa, kutulia, kuhesabu hadi kumi, kuondoka na kumwarifu mwalimu. Wanafunzi wamechora njiwa na mikono iliyoshikana, na michoro hiyo imebandikwa ukutani kuanzia langoni hadi kwenye ofisi ya mkuu wa shule.

Miongoni mwa wanaklabu yupo mvulana mwenye umri wa miaka 12, mpole, mdogo wa umbo, mwenye kipaji cha kutunga mashairi, ambaye ameyashika mafunzo yetu kuliko mwenzake yeyote. Kwa muda sasa kikundi cha wavulana wa darasa lililo juu ya lake kimekuwa kikimwandama. Humnyang'anya madaftari, humsukuma kwenye foleni, humpachika majina. Siku moja wakati wa mapumziko walimzingira nyuma ya madarasa, naye akafanya kama nilivyomfundisha. Alisimama wima, akashusha mikono, akaanza kuhesabu kwa sauti. Wale wavulana wakahesabu pamoja naye, moja, mbili, tatu, na wanafunzi wengine waliosogea kutazama wakaitikia kwa vicheko kama watu walio mchezoni, na ilipofika kumi kiongozi wao akampiga ngumi ya uso. Kisha wakamhesabia upya. Tangu hapo, akipita uwanjani, utasikia sauti moja ikianza, "Moja…", na nyingine zikiendeleza.

Mwalimu wa nidhamu alipopata habari aliwakusanya wote aliosema wamehusika katika vurugu, akawachapa viboko kwa idadi sawa, mvulana huyu akiwa mmojawao, halafu akawaamuru washikane mikono mstarini na kuombana msamaha mbele ya shule nzima. Nilimwendea nikamweleza kwamba mtoto yule hakuinua mkono wake hata kidogo. Alinijibu bila ukali, maana ni mtu wa makamo ambaye amekuwa akinitazama kama binti yake: "Mwanangu, amani ya shule hii inaletwa na fimbo. Ninyi wa klabu mnaipamba tu." Walimu wengine walicheka, na sikuona hata mmoja aliyeonyesha kutokubaliana naye.

Baadaye alikuja baba wa mtoto. Nilitegemea makelele, lakini alizungumza taratibu. "Mwalimu," alisema, "sikuja kugombana na wewe. Lakini umemfundisha mwanangu kuhesabu ngumi anazopigwa." Akaniambia kwamba amekwisha kumruhusu mtoto arudishe, na kwamba atamtafutia mtu wa kumfundisha kupigana. Nilitaka kumjibu kwamba ukatili huzaa ukatili, sentensi ninayoisema darasani kila mara, ila mbele ya mzazi yule ilikataa kutoka kinywani.

Sasa mkuu wa shule ameitisha kikao wiki ijayo, tukae yeye, mzazi, mwalimu wa nidhamu na mimi. Ameniomba niseme kikaoni kwamba jambo hilo lilimalizika siku ile ile na watoto wamepatana, kwa sababu tunajiandaa kuadhimisha Siku ya Kimataifa ya Amani, tarehe 21 Septemba, na wageni wamekwisha kualikwa. Amependekeza pia kwamba mvulana huyo ndiye aghani shairi la amani siku hiyo. Mkuu wetu si mtu mbaya, na ndiye aliyeniruhusu kuanzisha klabu hii wakati wengine walipoibeza. Mkataba wangu wa kazi unakaribia kumalizika, na barua ya kuniombea uongezwe inaandikwa na yeye.

Ninajiuliza kama niendelee kuwafundisha watoto kutorudisha ngumi, au niache ulezi wa klabu kuliko kuwa pambo la ukutani. Ninajiuliza kama nimpinge mwalimu wa nidhamu waziwazi, na kama yule baba anasema kweli. Na hili la shairi nimelishindwa kabisa, sijui nimwache mtoto aghani au nimkatalie mkuu.

Ni mimi,
Mwalimu wa Amani Asiye na Amani.

JIBU LA MSHAURI

Mwalimu wangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kabla ya lolote nakupa pole wewe na mtoto huyo. Umeuliza mambo kadhaa, lakini kwa jinsi ninavyokusoma yote yana shina moja: umetakiwa kumfundisha mtoto mdogo aweke chini ngumi yake katika shule ambayo watu wazima hawajaweka chini fimbo zao, na ambayo wale wanaompiga wameadhibiwa sawasawa na yeye aliyepigwa. Hilo ndilo linalokukosesha amani, na ningeshangaa kama lisingekukosesha. Sitakuamulia nani ana haki, kwa kuwa kikao utakikalia wewe na mkataba unaokaribia kwisha ni wako. Ninachoweza kufanya ni kuyageuza mambo haya pamoja nawe ili tuone na upande wake wa pili.

Naomba nianze na jambo ambalo barua yako imelichukulia kuwa limekwisha kuthibitika. Unaandika kana kwamba kutorudisha ngumi ndiko kutotumia nguvu kwenyewe, na kwa hiyo mtoto alipopigwa, mafunzo yako yakaonekana yameanguka mbele ya macho ya watu. Hebu tuwatazame watu walioifanya kazi hii kwa uzito wake. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika mji wa Nashville nchini Marekani, mchungaji kijana aitwaye James Lawson, ambaye alikuwa ameishi India na kuzisoma mbinu za Gandhi, kiongozi aliyepigania uhuru wa India bila kutumia nguvu, alianza kuwafunza wanafunzi wa vyuo waliotaka kuvunja ubaguzi wa rangi katika migahawa ya madukani. Mafunzo yale yalikuwa ya mazoezi hasa: baadhi yao waliigiza wabaguzi, wakawatukana wenzao, wakawasukuma kutoka vitini, wakawapulizia moshi wa sigara usoni, na wengine wakajizoeza kubaki wametulia, kukinga vichwa vyao, na kujiweka kati ya mpigaji na mwenzao aliyezidiwa. Walipoanza kuketi kwenye migahawa hiyo tarehe 13 Februari 1960, walikuwa wengi, walijua wanadai nini, walikuwa na kanuni walizokubaliana, na polisi walipowakamata wa kwanza, wengine waliingia kuchukua nafasi zao. Tarehe 10 Mei mwaka huo huo, migahawa sita ya katikati ya mji ilianza kuwahudumia wateja Weusi.

Sasa mrudie mvulana wako. Katika yote waliyokuwa nayo vijana wale, yeye alikuwa na moja tu, nalo ni kushusha mikono. Hakuwa na mwenzake wa kusimama ubavuni, hakuwa na dai lililotamkwa, hakuwa na mtu mzima aliyejua alipo, na zaidi ya yote hakuchagua mapambano yale. Yalimfuata nyuma ya madarasa. Vijana wa Nashville walikuwa watu wazima waliopima hatari na kuikubali, ilhali huyu ni mtoto wa miaka 12 aliyemwamini mwalimu wake. Kwa hiyo nisingeharakisha kusema kwamba kutotumia nguvu kulishindwa siku ile, kwa sababu sidhani kama kulikuwapo. Kilichokuwapo ni ujasiri wa mtoto mmoja katikati ya kundi, na shule haikuwa imejenga chochote cha kuuegemeza ujasiri huo.

Huenda itakushangaza kwamba Gandhi mwenyewe, ambaye siku yake ya kuzaliwa, tarehe 2 Oktoba, imewekwa na Umoja wa Mataifa tangu mwaka 2007 kuwa Siku ya Kimataifa ya Kutotumia Nguvu, aliandika mwaka 1920 kwamba endapo mtu hana la kuchagua ila woga au nguvu, basi yeye angemshauri atumie nguvu. Aliongeza papo hapo kwamba kutotumia nguvu ni bora kwa kiwango kisichopimika, na maneno hayo mawili hayana budi kusomwa pamoja. Nayataja kwa sababu yanamweka yule baba mahali pengine kabisa. Aliposema kwamba umemfundisha mwanawe kuhesabu ngumi, ninavyomwelewa mimi hakuwa anatetea ukatili. Alikuwa anauliza kama mwanawe amefundishwa njia ya tatu, au ameachiwa zile mbili tu, ya kupigwa na ya kupiga.

Je, anasema kweli? Katika malalamiko yake nadhani ana haki kubwa, na katika dawa yake nina wasiwasi. Kumfundisha mtoto kuukinga mwili wake, kupiga kelele, kuponyoka na kukimbilia penye watu si ukatili, na sioni kwa nini klabu ya amani isiyafundishe hayo kwa vitendo. Lakini kumwambia arudishe, katika hali uliyoieleza, ni kumtuma mtoto mmoja mdogo wa umbo dhidi ya kundi la wakubwa wake. Akishindwa ataumizwa zaidi. Akishinda, kundi litajipanga upya, au yeye ataonja utamu wa kuogopwa. Na kwa utaratibu wa nidhamu wa shule yenu, uthibitisho pekee utakaobaki ni kwamba naye alipiga. Hayo unaweza kumwambia baba bila kumhubiria, na nafikiri atayapokea, mradi kwanza asikie kutoka kwako kwamba mwanawe alidhulumiwa mara mbili, na wavulana wale na kisha na shule. Sentensi ile ya kwamba ukatili huzaa ukatili ilikataa kutoka kinywani mwako, na mimi nadhani kinywa kilikuwa na busara, maana ilikuwa inaelekezwa kwa mtu asiyestahili kuambiwa.

Jambo la pili ambalo ningependa ulitilie shaka ni jina ambalo shule imelipa tukio hili. Mwalimu wa nidhamu aliliita vurugu, mkuu anazungumza juu ya watoto kupatana, na hata wewe, katika mafunzo ya klabu, umeweka upatanishi pamoja na mengine yote kana kwamba unafaa kila mahali. Ugomvi ni wa watu wawili walio karibu sawa wanaogombea kitu. Uonevu ni jambo lingine. Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyeanza kuuchunguza tangu miaka ya 1970, aliutambua kwa sifa tatu: unakusudiwa, unarudiwarudiwa, na anayeonewa hana nguvu sawa na wanaomwonea. Nchi ya Norway iliyachukulia maarifa hayo kwa uzito baada ya wavulana watatu kujiua mwishoni mwa mwaka 1982 kwa sababu zilizohusishwa na kuonewa na wenzao, na mwaka 1983 wizara ya elimu ilianzisha kampeni ya nchi nzima katika shule. Ukizipima sifa hizo tatu kwa kisa chako utaona zote zimo.

Tofauti hii ina matokeo yake. Wagomvi wawili wanaweza kuketi na mpatanishi, kila mmoja akaeleza lake na kuachia kidogo. Mtoto anayeonewa hana cha kuachia. Ukimketisha mbele ya wanaomwonea na kumtaka naye aombe msamaha, unamwambia kwamba kuna sehemu ya makosa ambayo ni yake, na unawapa wale wengine nafasi ya kujua wapi panamuuma zaidi. Kule mstarini, kwa maoni yangu, kushikana mikono kulimdhuru mtoto kuliko viboko, kwa sababu viboko vilikuwa adhabu ya kosa ambalo kila mtu alijua hakulitenda, ila msamaha alitakiwa autamke kwa kinywa chake mwenyewe.

Na kuna watu ambao katika barua yako wamepita haraka sana, nao ni wale waliosogea kutazama. Mwaka 1996 mtafiti Christina Salmivalli na wenzake nchini Finland walionyesha kwamba katika uonevu darasa zima lina nafasi: wapo wanaomsaidia mwonevu, wapo wanaomtia moyo kwa kicheko, wapo wanaojitenga, na wapo wachache wanaomtetea mwonewa. Mpango wa kuzuia uonevu wa Chuo Kikuu cha Turku, ambao baadaye ulisambaa katika shule za nchi hiyo, ulijengwa juu ya wazo kwamba ni rahisi zaidi kumbadilisha mtazamaji kuliko kumbadilisha mwonevu, na kwamba mwonevu akikosa wa kumchekea hukosa sababu kubwa ya kuendelea. Soma tena ulivyoandika: waliohesabu hawakuwa wale wavulana peke yao. Kundi zima lilihesabu. Kama ningekuwa nachagua pa kuweka nguvu za klabu yako muhula huu, ningeweka hapo, katika kuwafundisha watoto cha kufanya wanapoona mwenzao amezingirwa: kutokaa kimya, kutoitikia, kumwita mwalimu wa zamu wakiwa wawili au watatu ili asiwepo mmoja wa kuitwa mbea, kumwendea mwonewa baadaye na kutembea naye. Hayo yanaweza kuigizwa, na watoto wanapenda kuigiza. Hatari yake ni kwamba mtetezi naye anaweza kugeuziwa kibao, ndiyo maana hatua hizo zifundishwe kwa kundi, na watu wazima wawe uwanjani wakati wa mapumziko, jambo ambalo ni la kupangwa na uongozi wa shule na haliwezi kubebwa na klabu.

Tuje kwenye fimbo. Najua hapa unatarajia nikupe silaha, nami nitakupa chache, lakini kwa tahadhari. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao karibu nchi zote za dunia zimeuridhia, katika kifungu cha 28 unataka nidhamu ya shule iendane na utu wa mtoto, na katika kifungu cha 29 unaitaja amani miongoni mwa malengo ya elimu yenyewe. Mwaka 2006 Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa ilieleza bayana, katika maoni yake ya jumla namba 8, kwamba adhabu za viboko haziendani na mkataba huo. Hata mahali ambapo sheria bado inaviruhusu, mara nyingi kanuni huweka masharti juu ya nani aruhusiwe kuchapa, kwa kosa gani, na namna adhabu inavyotakiwa kuandikwa. Itafute kanuni inayoihusu shule yako na uisome mwenyewe kabla ya kusema neno. Haitakuwa ajabu ukikuta kwamba kumchapa mtoto ambaye hakutenda kosa lolote kunakiuka hata utaratibu ule ambao mwalimu wa nidhamu anaamini anaufuata.

Lakini kuwa na hoja na kushinda ni vitu viwili. Ukimpinga mwenzako waziwazi mbele ya walimu wote, kuna uwezekano mkubwa kwamba mjadala utahama kutoka kwa mtoto na kuwa juu yako, mgeni anayetaka kuwafundisha wakubwa kazi. Wengi wa waliocheka huenda walicheka kwa aibu au kwa woga, na wengine kwa kuwa wao wenyewe walikuzwa kwa fimbo na hawajawahi kuona darasa kubwa likitulizwa kwa njia nyingine. Umesema hukuona aliyeonyesha kutokubaliana; hiyo haina maana kwamba hayupo. Wapo walimu ambao wangekuja upande wako kama ungewaendea mmojammoja, na zaidi kama ungekuja na kitu cha kufanya badala ya lawama. Na huyo mwalimu wa nidhamu, aliyekuita mwanangu, hajakufungia mlango. Anasema fimbo inaleta amani kwa maana ya utulivu, na utulivu kweli anaupata. Mtaalamu wa masuala ya amani kutoka Norway, Johan Galtung, alitofautisha mwaka 1969 amani iliyo ukosefu tu wa mapigano na amani iliyo uwepo wa haki, na ningekuwa wewe ningemuuliza mzee huyo swali dogo la kazi: tangu awachape, je, kuhesabu kumekoma? Kama hakujakoma, basi nyote wawili mna tatizo moja ambalo halijatatuliwa.

Hapo huenda ukaniona mwoga. Kukaa kimya nako kuna gharama yake, na gharama hiyo hulipwa na watoto. Ikiwa unaona kwamba njia ya taratibu itamwacha mtoto akiendelea kupigwa, basi ngazi nyingine zipo, iwe bodi ya shule, kamati ya wazazi, au ofisi inayosimamia elimu na ulinzi wa watoto, na katika nchi nyingi mwalimu anayejua kwamba mtoto anadhuriwa ana wajibu wa kisheria wa kutoa taarifa. Ukizipanda ngazi hizo, huenda uhusiano wako na mkuu ukaharibika na barua ya mkataba ikachelewa au isiandikwe. Sitakudanganya kwamba haki ikisimama kila kitu hunyooka. Pima una akiba gani, una nani wa kukushika mkono, na kama kuna mwenzako anayeweza kutia saini pamoja nawe. Jambo moja tu naona halina hasara: andika sasa, kwa utulivu, ulichokiona na ulichoambiwa, kwa tarehe, wakati kumbukumbu bado ni mbichi.

Kuhusu kuiacha klabu, nitakuuliza nani atakayefurahi ukiondoka. Sina ugomvi na njiwa wa ukutani, ingawa nikiri nimewaona wengi katika shule ambazo watoto wanaogopa kwenda chooni. Kubaki kuna hatari uliyoiona mwenyewe ya kuwa pambo. Kuondoka kunaweza kuwaacha wale wanaklabu bila mtu mzima anayewaamini. Kati ya hayo mawili kuna uwezekano wa kuibadilisha klabu, au kuyapeleka mafunzo yake mahali ambapo hayahitaji bango. Mwaka 1971, mjini Austin katika jimbo la Texas, shule zilipoanza kuwachanganya watoto wa rangi mbalimbali na mivutano ikapamba moto, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake hawakuleta somo la amani. Walibadilisha namna ya kusoma: somo la kawaida liligawanywa vipande, kila mtoto katika kundi dogo akapewa kipande chake ajifunze na kuwafundisha wenzake, na mtihani ukahusu vipande vyote, hivyo kila mmoja akalazimika kumsikiliza hata yule aliyezoea kumdharau. Hilo unaweza kulifanya Jumatatu katika kipindi chako mwenyewe, bila kibali cha mtu. Haliwezi kuwafikia wavulana wa darasa la juu, najua, ila litawafikia waliokuwa wakiitikia hesabu.

Umebaki na kikao. Mkuu amekuomba useme kwamba mambo yamekwisha, na wewe unajua hayajaisha. Inawezekana kumwona kabla ya siku hiyo, faragha, na kumweleza kwa heshima kwamba huwezi kusema hivyo kwa sababu mtoto bado anahesabiwa uwanjani, na kwamba mzazi atakayegundua amedanganywa anaweza kuiharibia shule jina kuliko shairi lolote litakavyoipamba. Umempa sifa ya kuwa mtu mwema. Mpe nafasi ya kuwa hivyo kabla hajajifunga mbele ya watu. Unaweza pia kumpelekea pendekezo analoweza kulisema kikaoni kama la kwake: mwalimu wa zamu nyuma ya madarasa wakati wa mapumziko, mtu mmoja ambaye mtoto atamripotia, mazungumzo na wazazi wa wale wavulana, na neno la wazi kutoka kwa shule kwamba mtoto huyu hakustahili kuadhibiwa. Neno hilo la mwisho linaweza kukwama kwa mwalimu wa nidhamu, na ikiwa hivyo, afadhali ujue mapema kuliko kulisikia likikataliwa mbele ya baba.

Na wale wavulana wakubwa, tafadhali wasisahaulike. Hakuna mahali katika barua yako panapoonyesha kwamba kuna aliyewauliza chochote. Walichapwa na kurudishwa darasani, na pengine kiongozi wao naye ana habari ambazo hajapata wa kumwambia. Kumsikiliza hakumwondolei wajibu wa kukoma.

Tumezungumza juu ya baba, mkuu, mwalimu wa nidhamu na wewe, na katika yote hayo sauti ya mtoto sijaisikia, isipokuwa akihesabu. Wewe umeuliza kama umwache aghani shairi, mkuu amekwisha kumpangia, na baba pengine atakataa kwa niaba yake. Ningependa umuulize yeye, mkiwa peke yenu, angetaka nini kifanyike juu ya wale wavulana, anajisikia salama wapi na wakati gani, na kama kweli anataka kusimama mbele ya shule ile ile iliyomhesabia. Huenda akataka, na tena akataka kusema kwa mashairi yake mwenyewe mambo ambayo wageni hawakutarajia. Katika hali hiyo mkuu ajue mapema ni shairi gani litakaloghaniwa. Huenda pia akasema hataki. Mwambie kwamba akikataa hataadhibiwa wala kulaumiwa, ila umwambie hivyo baada ya kuhakikisha kwa mkuu kwamba ahadi hiyo itatimizwa.